Weka Mbali na Watoto: Kiswahili na Sumu ya Makuzi

Ingia katika duka lolote la pembejeo mjini Wote, Kibwezi, Mwingi au Mutomo, uombe kitu cha kunyunyizia ndengu au cha kuchanganya na mahindi ghalani. Muuzaji hatakuuliza, "Unataka sumu gani?" Atakuuliza, "Unataka dawa gani?" Kisha atakupa chupa au pakiti yenye ukanda wa rangi upande wa chini, maandishi mengi madogo ya Kiingereza, na maneno machache ya Kiswahili. Miongoni mwa hayo machache, aghalabu utayakuta haya: Weka mbali na watoto. Mteja atalipa, atie chupa mkobani, aende zake. Pengine mteja huyo ni mama mwenye mimba ya miezi mitatu. Swali linalonisukuma kuandika ni jepesi kuuliza na gumu kujibu: mtoto aliye tumboni atawekwa mbali kwa njia gani?

Wenzetu wa idara za sayansi wana njia zao za kulishughulikia swali hilo, na njia hizo zimebadilika mno katika kipindi cha miaka kumi na mitano hivi. Siku hizi wanakuza tishu ya ubongo wa binadamu maabarani, wanaitia kemikali, kisha wanatazama inavyoathirika, ili mtoto halisi asije akawa ndiye jaribio. Sisi wa Kiswahili nasi tuna sehemu yetu katika jambo hili, ila tumeiacha kama shamba lisilo na mwenyewe. Makala haya yanadai kwamba Kiswahili tunachokitumia vibandikoni, redioni na madarasani kinaijua sumu ya namna moja tu, nayo ni ile iuayo papo hapo. Sumu isiyomuua mtoto ila ikamharibia ukuaji wake haina jina. Na maadamu haina jina, matokeo ya maabara hizo, yawe mazuri namna gani, yatafika Kitui na Makueni yakiwa bubu.

Sumu iuayo papo hapo haihitaji kufafanuliwa kwa watu wa kaunti hizo mbili. Kati ya Januari na Julai mwaka 2004, watu 317 waliugua, na 125 kati yao wakafa, baada ya kula mahindi yaliyoota kuvu. Karibu wagonjwa wanane katika kila kumi walitoka wilaya za Makueni na Kitui, kama zilivyoitwa wakati huo. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakavimba, ini likashindwa kazi. Mahindi mengi yalikuwa yamehifadhiwa kabla ya kukauka barabara, mengine ndani ya nyumba za kulala. Wachunguzi wa Wizara ya Afya ya Kenya na wenzao wa CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, walishirikiana kutafuta chanzo. Sampuli 350 za mahindi zilizochukuliwa katika masoko ya Makueni, Kitui, Machakos na Thika zilipopimwa, asilimia 55 zilizidi kiwango cha mikrogramu 20 kwa kilo kilichoruhusiwa nchini wakati ule, na asilimia 7 zilizidi mikrogramu 1,000. Wala hilo halikuwa tukio la kwanza. Mwaka 1981, Makueni ikiwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos, wagonjwa 20 walitibiwa kwa sumu iyo hiyo na 12 wakafariki.

Kwa mtu wa lugha, msiba ule una funzo ambalo hatujalichimbua. Huku kwetu jambo lilisemwa kwa maelezo: mahindi yaliyooza, mahindi mabaya, mahindi yenye sumu, ama lilitajwa kwa jina la Kiingereza lililomtoka msemaji likiwa limevunjikavunjika. Maelezo ya namna hiyo yana hatari. Mahindi "yaliyooza" ni yale yanayoonekana yameoza, ilhali aflatoksini haina rangi, haina harufu, na kuipika hakuiondoi. Mama aliyeyatazama mahindi yake akayaona ni mazuri hakuwa na sababu ya kuhofu. Wenzetu wa Tanzania wameeneza neno ambalo naliona kuwa mojawapo ya mafanikio makubwa ya uundaji istilahi katika kizazi chetu: sumukuvu. Sumu kama ile ilipozuka Dodoma na Manyara mwaka 2016, ikawaua watu 20 kati ya wagonjwa 68, neno lilikuwapo la kusemea. Leo liko katika majina ya miradi ya serikali, katika mabango, katika vinywa vya maafisa ugani. Silabi nne tu, na ndani yake mna kitu chenyewe na chanzo chake. Mtu asiyewahi kuiona maabara akilisikia anajua la kufanya: azuie kuvu.

Hata hivyo, hata sumukuvu tumeifundisha kama sumu ya mauti. Tumehesabu waliokufa mwaka 2004. Waliobaki hai hatukuwapa jina. Aflatoksini hupita katika kondo la nyuma ikamfikia mtoto tumboni, na sehemu yake hutoka katika maziwa ya mama. Utafiti uliofanywa Benin na Togo, ukachapishwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba watoto waliokuwa na sumu hiyo nyingi zaidi damuni walikuwa wafupi na wepesi kuliko wenzao. Lakini jaribio lililofanywa Meru na Tharaka-Nithi, matokeo yake yakatoka mwaka 2018, liliipunguza sumu damuni mwa watoto bila ya kuonyesha tofauti ya kimo mwishoni mwa utafiti. Jambo hili, basi, lina ubishi, na msomi mwaminifu hana budi kukiri hivyo. Ninachosisitiza ni kwamba ubishi wenyewe hauwezi kusimuliwa kwa Kiswahili tulicho nacho bila ya kuzungukazunguka kwa sentensi tatu nne.

Ubongo ndio penye uzito zaidi. Mtoto anapokua tumboni, seli za ubongo wake hugawanyika, husafiri kutoka mahali zilipozaliwa hadi mahali zitakapofanya kazi, hurefusha nyuzi, hushikana. Kila hatua ina wakati wake, na wakati ukipita haurudi. Kemikali inayovuruga hatua mojawapo yaweza isiache alama yoyote siku ya kuzaliwa. Mtoto atalia vizuri, atanyonya vizuri, atapimwa uzito kliniki na mama atapongezwa. Alama itajitokeza miaka saba baadaye, darasani, mtoto asipoweza kutulia au herufi zikikataa kukaa kichwani. Na hapo Kiswahili hakipungukiwi na maneno! Ataitwa mzito, mtukutu, bongolala, mvivu, kichwa maji. Lugha yetu ina msamiati tele wa kumlaumu mtoto, wala haina neno moja la kuishtaki kemikali. Sidai kwamba kila mtoto mzito amedhuriwa na kemikali. Huo utakuwa upuuzi. Nadai kwamba hata pale ambapo ndivyo ilivyo, hatuna pa kuanzia kusema.

Mwaka 2006, Philippe Grandjean na Philip Landrigan walipokusanya ushahidi uliokuwapo duniani, walithibitisha kemikali tano tu kuwa zinadhuru ukuaji wa ubongo wa binadamu, zikiwamo risasi, zebaki na aseniki. Mwaka 2014 walirudia kazi hiyo na idadi ikafika kumi na moja. Mtu asidhani kwamba nyingine zote ni salama. Kemikali zilizo katika biashara ni makumi ya maelfu, na nyingi mno kati yake hazijapimwa kamwe kwa jambo hili. Sababu ni gharama. Utaratibu wa kupima kwa panya, ambao shirika la OECD liliupitisha katika sura yake ya kimataifa mwaka 2007, unataka mamia ya vitoto vya panya kwa kemikali moja, muda mrefu, na fedha zinazoweza kuzidi dola milioni moja. Na ukishamaliza, umejua habari za panya.

Tena hata habari za panya hutegemea msomaji wake. Klopirifosi, dawa ya wadudu iliyotumika ulimwenguni kwa miongo mingi, ilipimwa hivyo katika miaka ya tisini kwa gharama ya mtengenezaji wake. Mwaka 2018 Axel Mie, Christina Rudén na huyo Grandjean waliziendea takwimu ghafi za utafiti ule, wakaona kwamba ubongo wa vitoto vya panya ulikuwa umebadilika hata katika dozi ndogo kabisa iliyojaribiwa, jambo ambalo hitimisho la ripoti halikulisema. Wakati huo watafiti wa New York walikuwa wamekwisha kuwafuatilia watoto ambao mama zao waliivuta dawa hiyo wakiwa wajawazito, wakaona nyayo zake katika akili za watoto. Ulaya iliikataa mwaka 2020. Mwezi Mei mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm ziliiingiza katika orodha ya kemikali za kukomeshwa, zikiacha matumizi machache kwa muda. Hesabu miaka hiyo, msomaji, uone ni watoto wangapi waliozaliwa kati ya jaribio na uamuzi.

Ndipo inapoingia tishu ya maabara. Shinya Yamanaka wa Japani alionyesha, kwa seli za panya mwaka 2006 na za binadamu mwaka uliofuata, kwamba seli ya kawaida ya ngozi yaweza kurudishwa utotoni, ikawa seli shina iwezayo kugeuka seli ya aina nyingine yoyote. Mwaka 2013, mjini Vienna, Madeline Lancaster na Jürgen Knoblich waliziongoza seli shina zikajipanga zenyewe kuwa kidonge cha tishu chenye tabaka zinazofanana na za ubongo wa kijusi. Katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, kundi la Thomas Hartung limekuza vidonge vidogo zaidi, visivyofika nusu milimita, kwa wingi na kwa umbo linalolingana, makusudi kwa ajili ya kupimia kemikali. Kidonge hutiwa kemikali, kisha watafiti hupima: seli ngapi zimekufa, nyuzi zimerefuka kiasi gani, mawasiliano ya umeme yamepungua au yameongezeka. Mwaka 2023 OECD ilitoa mapendekezo ya namna ya kuyatumia matokeo ya fungu zima la majaribio ya seli katika kuamua kama kemikali inadhuru ukuaji wa ubongo. Maana yake ni kwamba kazi hii imekwisha kutoka katika majarida ya wataalamu na inaelekea katika ofisi zinazosajili dawa za mashambani, za kwetu zikiwamo.

Naliunga mkono jambo hili bila kusitasita. Mwaka 2004 maabara ilikuwa miili ya watu. Iwapo kidonge cha seli kinaweza kutuonya kabla ya mtoto wa Mbooni au wa Zombe kuonja, na kionye.

Lakini tukiite nani? Hapa ndipo ningependa wanaistilahi wenzangu wakae kitako. Magazeti ya Magharibi yamezoea jina lenye maana ya "ubongo mdogo". Jina hilo likiletwa kwetu kama lilivyo litatudanganya, kwa sababu kidogo cha kitu, katika Kiswahili, ni kitu kamili kilichopungua ukubwa tu: mbuzi mdogo ni mbuzi. Kidonge hiki si ubongo. Hakina macho wala uti wa mgongo, hakina mishipa ya damu, na hakuna ushahidi kwamba kinahisi au kinawaza. Tukijaribu njia ya viambishi, tukaweka ki- mahali pa u-, tunapata kibongo, na vijana wa Dar es Salaam watadhani tunazungumzia mtindo wao wa maisha. Tukikopa na kusema oganoidi, tutakuwa sahihi na hatutaeleweka. Kuna jingine zaidi. Nchi zetu zinaukumbuka uvumi wa mumiani, watu waliodaiwa kuwanyonya wenzao damu ili itengenezwe dawa. Nenda mkutanoni Kathonzweni useme kwamba wazungu wanakuza bongo ndogo za watu ndani ya chupa wapate kupima dawa, kisha uone kama mkutano utakwisha salama. Mimi ningeridhika na tishu ya ubongo ya maabara. Ni jina refu na halina mvuto wowote, ila linasema kweli tatu: ni tishu, ni ya ubongo, na imekuzwa na watu mahali maalumu. Mwenye bora zaidi na alete.

Ukweli wa jina ni muhimu kwa sababu chombo hiki kina upungufu unaozihusu Kitui na Makueni moja kwa moja. Aflatoksini, kama inavyotoka katika kuvu, haijawa kali bado. Ni ini linalojaribu kuivunjavunja na katika kufanya hivyo kuigeuza kuwa kitu kinachoshambulia jeni. Klopirifosi nayo hugeuzwa na ini kuwa kali zaidi. Tishu ya ubongo haina ini. Kemikali ya namna hiyo yaweza kupita katika jaribio ikionekana mpole, kumbe ukali wake ulikuwa unasubiri kiungo kisichokuwapo. Wataalamu wanalijua hilo na wanajaribu kuziunganisha tishu za ubongo na seli za ini, lakini mpaka hapo watakapofaulu, neno "imepimwa" lisitafsiriwe kuwa "ni salama". Aidha, seli zenyewe ni za nani? Hazina kubwa za seli shina ziko Ulaya, Marekani na Japani, na watu wa asili ya Afrika wamo kwa uchache. Ilhali inajulikana kwamba uwezo wa mwili wa kuivunja klopirifosi iliyogeuzwa hutegemea jeni moja ambayo sura zake hutofautiana kati ya mtu na mtu na kati ya jamii na jamii. Na mwisho, hakuna maabara iliyokuza tishu yenye njaa. Mtoto wa Kitui katika mwaka wa ukame hukutana na sumukuvu, dawa ya ghalani na upungufu wa chakula kwa wakati mmoja.

Turudi dukani. Ule ukanda wa rangi chini ya kibandiko, mwekundu, wa manjano, wa buluu au wa kijani, watu wengi wameambiwa kwamba unaonyesha ukali wa sumu. Ni kweli, ila ni ukali wa aina moja. Uainishaji wa Shirika la Afya Duniani ambao rangi hizo zimeufuata umejengwa hasa juu ya kipimo cha sumu ya papo hapo: dozi gani ya mara moja itawaua nusu ya panya walioipokea. Rangi ya kijani inakwambia kwamba hutaanguka leo. Habari za mimba haizisemi. Klopirifosi, pamoja na yote niliyoyaeleza, huwekwa katika daraja la pili, la manjano, la wastani. Kwa hiyo kibandiko kinazungumza lugha mbili, ya rangi na ya maneno, na zote mbili zimenyamaza mahali pale pale.

Na neno dawa linaukamilisha ukimya huo. Sisemi watu waache kulitumia. Lugha haiendeshwi kwa amri, na kila aliyesoma semantiki anajua kwamba dawa katika Kiswahili ni kitu chochote kinachomaliza tatizo: dawa ya meno, dawa ya mbu, dawa ya panya, hata dawa ya moto. Watanzania wana neno viuatilifu, nalo limeingia hadi katika jina la mamlaka yao ya afya ya mimea. Nalipenda, kwa sababu kitenzi ua kimo ndani yake waziwazi. Lakini hata Tanzania mkulima akienda dukani huomba dawa. Basi na aombe. Kinachotakiwa ni neno la pili la kusimama karibu na dawa na kuibana, kama vile sumukuvu lilivyosimama karibu na mahindi.

Pendekezo langu ni sumu ya makuzi. Neno makuzi tunalo tayari, na halijakauka vitabuni: Tanzania ilipozindua mwaka 2021 programu yake ya taifa kuhusu watoto wadogo, iliiita ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto. Mzazi anayeyasikia maneno hayo redioni anajua ni habari ya mtoto kukua mwili na akili. Sumu ya makuzi ni sumu inayoharibu hayo, awe mtoto tumboni au nje, hata kama mama hakuugua. Najua pingamizi moja, na nililipata kwa mkulima wala si kwa profesa: sisi tunasema mbolea ya kupandia na mbolea ya kukuzia, je, sumu ya makuzi si itadhaniwa kuwa ya kukuzia mimea? Sina jibu la kumaliza neno. Labda sumu ya makuzi ya mtoto, kwa ukamilifu wake, ndiyo itakayofaa vibandikoni. Tafsiri ya moja kwa moja kutoka Kiingereza, yaani kemikali zenye madhara katika ukuaji wa mfumo wa neva, nimeijaribu kwa watu na sikuona hata mmoja aliyefika mwisho wa sentensi akiwa bado ananitazama.

Yuko mhadhiri mmoja aliyenikosoa nilipomweleza mawazo haya. Alisema kwamba watu wa Ukambani huzungumza Kikamba, na kwamba neno likikosekana, litakosekana katika Kikamba kwanza. Ana haki. Lakini Kiswahili ndicho kilicho juu ya pakiti, ndicho kilichomo katika vitabu vya shule ya msingi, na mtangazaji wa redio ya Kikamba anapotafuta namna ya kulieleza jambo jipya, Kiswahili humfaa kuliko Kiingereza, kwa kuwa hizo ni lugha ndugu za Kibantu. Tena Ukambani kuna maarifa ya kuanzia. Muthokoi, mahindi yaliyotwangwa yakaondolewa maganda, ni chakula cha kale cha eneo hilo. Watafiti wa Kenya walipokipima walichapisha mwaka 2008 kwamba ukoboaji huo ulipunguza aflatoksini kwa karibu nusu kwa wastani. Anayekoboa hakuwa na neno aflatoksini. Alikuwa na kinu. Ningependa kumsikia mwanafunzi wa isimu akituletea maneno yote ambayo akina mama wa Kitui huyatumia kwa mahindi yaliyoharibika, kwa daraja zake, kuanzia yale ya kulisha kuku hadi yale ya kutupa. Nashuku kwamba istilahi tunazozihangaikia ofisini nyingine zimo humo.

Kila mwaka idara zetu hupokea tasnifu lukuki juu ya taswira ya mwanamke katika riwaya hii na ile. Sizidharau, nami nimeandika ya namna hiyo. Lakini kibandiko cha dawa ni matini, tena ni matini inayosomwa, au inayokosa kusomwa, na watu wengi kuliko riwaya zetu zote. Nani ameyachambua maandishi ya Kiswahili yaliyo juu ya pakiti mia moja za dawa katika maduka ya Makueni? Nani amewauliza wanunuzi wanaelewa nini? Bodi ya PCPB, inayosajili bidhaa hizi nchini, ingeletewa na chama kama hiki chetu sentensi tatu zilizojaribiwa kwa watu, ingekuwa na kitu cha kukikubali au kukikataa. Natoa rasimu ya kwanza, iraruliwe: Hii ni sumu ya makuzi ya mtoto. Yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni hata kama mama hataugua. Mama mjamzito asiinyunyize, asiichanganye, wala asichambue nafaka iliyotiwa sumu hii.

Likizo iliyopita nilimsomea nyanya yangu, ambaye kwetu tunamwita susu, maneno ya pakiti ya dawa ya dumuzi aliyokuwa ametoka kuichanganya na mahindi. Sijui kama dawa ile ina madhara niliyoyaeleza hapa. Hilo ndilo ambalo pakiti haikuweza kuniambia. Nilipofika pa "weka mbali na watoto" alitikisa kichwa kukubali, akainuka, akaipachika pakiti juu kabisa darini mwa jiko, mahali ambapo wajukuu hawafiki. Chini yake, kwenye kigoda, mke wa mjomba alikuwa amejinyoosha mgongo kwa uzito wa mimba ya miezi saba, uteo mapajani, akiendelea kuyapeta mahindi yale, na vumbi jeupe likipanda.

"Haya," susu alisema, "iko mbali."